Lalamiko Limefungwa

Katika idara niliyoitumikia kulikuwa na kitenzi kimoja tulichokitafuna kutwa nzima: kufunga. Tulifunga hesabu za robo mwaka, tulifunga majalada, tulifunga malalamiko. Fomu yetu ya ukaguzi ilikuwa na maswali 42, na swali la 14 liliuliza, "Je, lalamiko la mpangaji limefungwa?" Mbele yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Kwa miaka sita nilipiga tiki kwenye ndiyo, ukurasa baada ya ukurasa, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyefunga, wala kilichofungiwa humo ndani ni nini.

Kazi yetu ilikuwa kuwasimamia wasimamizi. Nyumba za umma ni mali ya serikali, ila serikali yenyewe haipiti kukusanya kodi wala haizibui vyoo. Shughuli hizo hupewa wakala. Wakala ndiye anayegawa nyumba, anayedai kodi, anayeita mafundi, na kila baada ya miezi mitatu anatuletea taarifa. Sisi tunaisoma: kodi iliyokusanywa ni asilimia ngapi, nyumba ngapi zimekaa tupu na kwa siku ngapi, matengenezo mangapi yamechelewa, malalamiko mangapi yamepokewa na mangapi yamefungwa. Namba zikikaa vizuri unagonga mhuri. Zikiyumba unaandika barua kali. Mimi nilikuwa hodari wa barua kali.

Mlango wa kwanza wa mpangaji niliougonga, sikuugonga kwa kupenda. Nilikuwa na miadi na meneja wa majengo, akachelewa, na ofisi yake ilikuwa na kufuli. Nikakaa kwenye ngazi na jalada langu mapajani. Baada ya muda kichwa cha bibi mmoja kikachungulia kutoka ghorofa ya tatu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, bibi. Mimi natoka ukaguzi."

"Basi si upande ukague, mwanangu. Umekaa hapo unakagua ngazi?"

Nikapanda. Aliniongoza hadi chumba cha ndani, akaniomba nimsaidie kusogeza kabati. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi kwa kuvu, na harufu yake ilinikaa kooni. Lakini kilichonishangaza kilikuwa mistari ya penseli. Bibi alikuwa amechora mstari kila pale unyevu ulipofika, na kando ya kila mstari akaandika tarehe. Wa chini kabisa ulikuwa usawa wa kifundo cha mguu. Wa juu ulinifika kiunoni. Kati ya hiyo miwili palikuwa na mingine mitano, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula.

"Nilipoanza kulalamika ilikuwa hapa," akasema, akiugusa ule wa chini kwa ncha ya kandambili.

Alikuwa na daftari la shule lenye namba za malalamiko yake, saba, kila moja na siku aliyopewa. Nikazinakili. Jioni ile nilirudi ofisini na kuzitafuta kwenye taarifa za wakala, taarifa ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezigonga mhuri. Zote saba zilikuwepo. Zote saba zimefungwa.

Nilimpigia karani wa wakala na akanieleza bila hata chembe ya aibu, maana kwake hapakuwa na la kuonea aibu. Lalamiko linafungwa fundi anapoandikiwa hati ya kazi. Fundi akifika au asifike, hilo ni suala la kitengo kingine. Hati ikikaa siku 30 bila kufanyiwa kazi inakufa yenyewe, na mpangaji anatakiwa kulalamika upya. Nikakaa na peni mkononi nikipiga hesabu. Wakala aliyeshindwa kuziba bomba moja alikuwa ameingia kwenye vitabu vyetu kama mtu aliyefanya kazi nzuri mara saba. Fundi angefika siku ya kwanza, alama yake ingekuwa ndogo zaidi.

Nirudi kwa bibi, kwa sababu sijamaliza ya mlangoni kwake. Nilipokuwa natoka niliona mistari mingine ya penseli, hii kwenye fremu ya mlango wa sebuleni. Nikadhani unyevu umefika na huko. Akacheka. Ilikuwa vipimo vya kimo cha mjukuu wake, kila mwaka mstari mmoja, na wa mwisho uliandikwa miaka 14.

"Mbona umeishia hapo?"

"Amefungwa," akasema.

Neno lilelile. Nilijaribu kumsahihisha, kwa ile tabia mbaya ya watu wa ofisini. Nikamwambia mtoto wa umri ule hafungwi, anapelekwa shule ya maadilisho, ni kitu tofauti kisheria. Akanitazama kwa subira.

"Mlango wa huko unafungwa kwa ndani au kwa nje?"

"Kwa nje."

"Haya."

Kijana, ambaye jina lake silitaji hapa wala popote, alikamatwa pamoja na wenzake wakiiba nyaya za shaba kwenye jengo lililokuwa likijengwa. Amri ya mahakama ilikuwa imemalizika miezi minne kabla ya siku ile niliyopanda ngazi. Alikuwa bado ndani. Ili atoke, afisa ustawi wa jamii alitakiwa aandike kwamba kuna makazi yanayojulikana na mtu mzima wa kumpokea. Mtu mzima alikuwepo, tena alikuwa na hamu naye. Tatizo lilikuwa makazi. Bibi akatoa mkataba wake wa upangaji kwenye mfuko wa plastiki, akanionyesha kifungu cha 11: mwanakaya yeyote akipatikana na hatia ya kosa la jinai, mkataba wa mpangaji unaweza kusitishwa. Juu ya mkataba ilibanwa barua ya meneja, ya upole kabisa, ikimkumbusha kuwepo kwa kifungu hicho "endapo kuna mabadiliko yoyote ya idadi ya wakazi."

"Akirudi hapa, natolewa mimi. Nikitolewa, yeye atarudi wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitu kibaya zaidi, kumbukumbu. Kifungu cha 11 nilikijua. Rasimu ya ule mkataba ilipita mezani kwangu miaka miwili nyuma, na kwenye ukingo wa ukurasa, kwa mwandiko wangu na herufi za jina langu, niliandika: "Kifungu kizuri. Kitalinda amani ya wakazi."

Niseme kwa kujitetea kidogo kwamba hatukukibuni sisi. Kwenye kikao cha kupitia rasimu mwenzetu mmoja aliyesomea sheria alitoa mfano wa Marekani, ambako tangu miaka ya 1990 nyumba za umma zimekuwa na masharti ya namna hiyo kuhusu dawa za kulevya, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikayahalalisha. Tukatikisa vichwa. Kama kimesimama kule, kitasimama popote. Hakuna aliyeuliza walioshtakiwa walikuwa akina nani. Nilikuja kuisoma hukumu mwenyewe baadaye, usiku, baada ya ile siku ya ngazi. Walikuwa wazee wa Oakland, California. Wawili kati yao walikuwa wanatolewa kwa sababu wajukuu zao walikutwa wakivuta bangi kwenye maegesho ya magari ya jengo. Majaji walisema sheria inaruhusu kumtoa mpangaji hata kama hakujua lolote. Na yule mama ambaye shauri lilibeba jina lake, wakala alikuwa ameshaiondoa kesi dhidi yake tangu 1998, kwa maelezo kwamba binti yake, aliyekutwa na dawa, sasa yuko gerezani na si tishio tena. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu. Nyumba imepona kwa kuwa mtoto amefungwa.

Nikaenda kumwona afisa ustawi wa kijana wetu. Nilimkuta mama wa makamo, meza yake imejaa majalada hadi kiti cha wageni, ikabidi niyabebe ndiyo nikae. Nilianza kwa kumlaumu, nakiri. Kwa nini mtoto aliyemaliza muda wake bado yuko ndani? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 si unasema kumzuilia mtoto ni hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi kadiri inavyofaa?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta droo, akatoa nakala iliyochakaa ya Kanuni za Havana, zile za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru, na kuufungua ukurasa kwa kidole gumba bila kutafuta. Kanuni ya 80: mtoto anapoachiwa asaidiwe kupata makazi yanayofaa, ajira, mavazi na riziki ya kutosha kujikimu. Makazi yametangulia, mbele hata ya ajira.

"Dada yangu," akasema, "karatasi zote za dunia ninazo. Kitanda sina. Vitanda mnavyo ninyi."

Sikuwahi kufikiri kwamba "sisi" tuna vitanda. Tulikuwa na safu ya nyumba zilizo tupu, ndiyo, ila kwenye fomu zilikuwa asilimia.

Niliandika ripoti ya kurasa tisa. Mkuu wangu wa idara, mtu mwadilifu ambaye sijawahi kumwona akichukua hata peni ya ofisi, aliisoma na kunirudishia. Sisi si mafundi, akasema, na sheria inatupa nafasi ya kuingilia pale tu penye madhara makubwa. Tukianza kugonga milango ya wapangaji hatutamaliza. Nikamuuliza tutajuaje kwamba madhara ni makubwa bila kugonga. Akasema wakala atatujulisha.

Miaka mingi baadaye, nilipofuatilia yaliyowakuta Waingereza, nilikuwa kama namsikia mkuu wangu akiongea. Kule tangu 2012 msimamizi wa serikali wa nyumba za jamii aliwekewa kizingiti: kwenye mambo ya huduma kwa wapangaji asiingilie mpaka pawe na dalili ya madhara makubwa. Jicho lake likabaki kwenye afya ya kifedha ya wamiliki. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower likaungua London, watu 72 wakafa, na wakazi wake walikuwa wameshapiga kelele kuhusu usalama wa moto kabla ya siku hiyo. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili akafa huko Rochdale kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuvu kwenye nyumba yao, na babake alianza kulalamika tangu 2017. Ndipo sheria ya 2023 ikakiondoa kile kizingiti, na kuanzia Aprili 2024 wamiliki wenye nyumba 1,000 na zaidi wakaanza kufanyiwa ukaguzi wa mara kwa mara. Sehemu ya sheria hiyo inaitwa kwa jina la yule mtoto, Awaab, na inamwekea mwenye nyumba muda wa kuchunguza unyevu na kuvu. Nilipofika hapo nikaiona mistari ya penseli. Bibi yangu hakuwa na sheria, alikuwa na penseli.

Hatimaye idara iliniazima kwa kamati ya pamoja, sisi watu wa nyumba na wale wa ustawi. Nadhani walinipeleka ili ninyamaze. Tulipewa vyumba 12 kwa ajili ya vijana wanaotoka maadilisho na mahabusu ya watoto ambao hawana pa kufikia. Mimi nikakabidhiwa kuviandaa. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuwa na huruma na bado akawa mkaguzi tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuviweka vyumba vyote 12 kwenye ukumbi mmoja, ghorofa ya chini. Niliona ni busara: msimamizi mmoja, daftari moja, geti moja. Haikupita miezi miwili majirani wakaupa ukumbi ule jina la "gereza dogo". Simu ikipotea popote mtaani, askari wanaanzia pale, maana kwa nini wahangaike kwingine? Kijana aliyekuwa na bidii alilala mlango mmoja na kijana aliyekuwa bado ana ahadi na wenzake wa zamani, na usiku ni mrefu. Nilikuwa nimetengeneza, kwa fedha za umma na nia safi, kitu kilekile walichotoka, nikaongeza rangi mpya ukutani.

Kosa la pili lilikuwa geti. Kanuni nilizoandika zilisema geti linafungwa saa 2 usiku. Mmoja wa vijana akapata kazi ya kufagia kiwanda zamu ya jioni, kazi yake ya kwanza maishani, anatoka saa 3. Usiku wa kwanza alikuta geti limefungwa, akalala kwenye ngazi ya jengo la jirani. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alilala kiwandani. Msimamizi aliandika kwenye daftari, mara tatu, "ametoroka", na mara tatu ilitosha kumrudisha mbele ya hakimu. Niliitwa kutoa maelezo mahakamani. Hakimu alisoma daftari, akasoma barua ya mwajiri, kisha akaniuliza mimi, si kijana: "Kanuni hii imeandikwa na nani?" Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyekamatwa na kijiti cha kuibia mtihani.

Tulimpa kila mmoja ufunguo wake baada ya hapo. Msimamizi aligoma wiki nzima, akisema tumewapa wezi funguo. Hakuna kilichopotea, isipokuwa funguo zenyewe, ambazo vijana walizipoteza kwa kasi ya kutisha. Mtu ambaye hajawahi kumiliki ufunguo hana mahali mwilini pa kuuweka.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa ni lile la barua. Kulikuwa na kijana mpole, hana makuu, tuliyemhamishia kwenye chumba cha peke yake baada ya kuvunja ule ukumbi na kuvitawanya vyumba kwenye majengo tofauti. Mwezi wa tano wakala akaniletea notisi ya kumtoa: malimbikizo ya kodi, na kukataa ushirikiano na mafundi. Nikaenda nikiwa nimekasirika. Alinifungulia mlango, sakafu ya jikoni ina maji, ametandika gunia chini ya sinki. Nikamuuliza kwa nini hajibu barua za wakala. Akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na barua 23. Hata moja haijafunguliwa.

"Kwa nini hukufungua?"

"Zina mhuri, mama."

Tangu akiwa na miaka 12, kila bahasha yenye mhuri iliyowahi kuja nyumbani kwao ilikuja kumchukua mtu. Tukakaa chini, tukazifungua pamoja moja moja kwa kisu cha mezani. Nyingi zilikuwa za kodi: ankara ya kwanza ilitoka siku aliyopokea ufunguo, wakati mshahara wake wa kwanza ulikuwa wiki saba mbele, kwa hiyo alianza maisha yake ya upangaji akiwa mdaiwa. Tatu zilikuwa za miadi ya fundi wa sinki. Fundi alifika mara tatu, akakuta mlango umefungwa, kijana yuko kazini. Barua ya 22 ilisema hivi, nainukuu kwa kuwa niliibeba: "Lalamiko lako limefungwa kwa sababu ya mpangaji kukosa ushirikiano."

Nilikaa na ile karatasi muda. Mkononi mwangu zilikuwa kazi mbili za serikali, ya nyumba na ya kurekebisha vijana, na zote mbili zilikuwa zimekamilika kwa mujibu wa taarifa. Wakala alituma barua, fundi alifika, ustawi walimpa makazi. Kila mtu alikuwa na ushahidi wa kutimiza wajibu wake. Maji yalikuwa yanafika kwenye nyayo zangu.

Yapo tuliyoyabadilisha na yakashika. Ankara ya kwanza ikasogezwa hadi baada ya mshahara wa kwanza. Jambo hilo halikumgharimu mtu kitu ila mabishano ya miezi mitatu na mhasibu. Barua zikaanza kutanguliwa na simu au mtu. Kwenye ukaguzi tukaacha kupokea orodha ya wapangaji wa kuhojiwa kutoka kwa wakala (ambayo, ajabu, ilikuwa daima na watu wenye furaha na mapazia mazuri) tukaanza kuchagua wenyewe. Na swali la 14 likaandikwa upya: lalamiko halihesabiwi kufungwa mpaka mwenye kulalamika aseme kwa mdomo wake kwamba limekwisha. Robo mwaka ya kwanza baada ya hapo, alama za mawakala wote zilianguka vibaya sana, na mkuu wangu alipata homa. Wengine wakasema ukaguzi umeharibu huduma.

Yapo yaliyotushinda. Siri, kwa mfano. Kanuni za Beijing za 1985, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu kesi za watoto, ziko wazi kwamba faragha ya mtoto aliyekinzana na sheria ilindwe katika kila hatua. Lakini fomu yetu ya kugawa nyumba ilikuwa na safu ya "sababu ya kupewa kipaumbele", na fomu hiyo ilipita mikononi mwa karani, meneja, fundi na mlinzi. Kijana alikuwa anafika getini, mlinzi ameshajua aliiba nini. Tukaona tuwe wajanja, tukabadilisha maneno kuwa namba: wajane namba 3, wenye ulemavu namba 5, vijana wetu namba 7. Ndani ya mwezi mmoja kila mtu alijua saba ni nini. Vijana wenyewe walianza kusalimiana kwa vidole saba. Mwishowe safu yote iliondolewa, na hata hivyo sidhani kama mlinzi alikosa habari zake.

Kifungu cha 11 kilichukua miezi 14. Nilikwenda kwenye kikao cha mwisho na nakala ya rasimu ile ya zamani, yenye mwandiko wangu ukingoni, nikaipitisha mezani ili wajue nani alikisifia. Mjumbe mmoja alisema tukikiondoa tutakuwa tunawaadhibu wapangaji wema wanaokaa na wahalifu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Nimekaa na wapangaji wanaoogopa kupita ngazi usiku, na hofu yao ni ya kweli. Tukakubaliana kwamba hatua ichukuliwe kwa kinachotendeka ndani ya jengo na kwa aliyekitenda, na mahakama iamue, badala ya meneja na barua yake ya upole. Kosa la zamani la mtoto, ambalo ameshalitumikia, likatolewa kabisa.

Kwa mjukuu wa bibi mabadiliko hayo yalikuja yamechelewa. Hakungojea. Alipofikisha miaka 18 alitolewa kwa sababu umri umepita, bila makazi, bila mtu wa kumpokea, na kwa muda nilimpoteza. Nilisikia yuko kwa rafiki, kisha nikasikia hayuko. Bibi hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Kila nilipopita alinionyesha ukuta. Mstari wa nane, wa tisa.

Mimi nilirudi idarani, kwenye fomu zangu. Siku hizi sehemu ya kazi ni simu: unachukua orodha ya malalamiko yaliyotajwa kufungwa, unachagua kumi bila mpangilio, unapiga. Wengi hushangaa. Wengine hukata, wakidhani ni watu wa kudai kodi.

Juzi, kwenye taarifa ya robo mwaka iliyopita, nilikuta namba ya nyumba ninayoijua. Ghorofa ya tatu. Unyevu ukutani, chumba cha ndani. Limefungwa. Haikuwa miongoni mwa zile kumi nilizozichagua, lakini nilipiga.

Ilipokewa na sauti nzito ya kiume. Nikajitambulisha, nikamwomba bibi.

"Amelala. Ongea nami, mimi ni mjukuu wake."

Nilinyamaza kidogo, hadi akauliza kama bado nipo.

"Nipo," nikamwambia. "Nilitaka kujua kama fundi alifika."

"Alifika. Akaangalia, akapiga picha, akaondoka. Ngoja." Nikasikia kabati likiburuzwa sakafuni, kisha kimya, kisha akarudi. "Imepanda tena. Nimeuchora mstari."

Nikachukua peni, nikakata neno lililokuwa kwenye safu, nikaandika juu yake: wazi.